Kasri za Nyasi

Atakaye kuuona ufalme wa Waingereza hupelekwa Windsor, kwenye ngome iliyoanzishwa na William Mshindi katika karne ya 11. Kuta zake husimulia hata asipokuwapo msimulizi. Mtu wa pwani haoni ajabu, kwani naye amelelewa kati ya magofu ya Kilwa na majumba ya Unguja. Kwake pia enzi ni jiwe na chokaa. Akifika Bukoba na Muleba na macho hayo hayo, ataiona migomba na nyika, na huenda akarudi akidhani kuwa huko hapakuwa na wafalme.

Wafalme walikuwapo. Kianja, Kanyangereko, Kyamtwara, Bugabo na Kiziba zilikuwa himaya za Bukoba ya zamani. Ihangiro ilienea katika nchi ambayo leo ni Muleba. Kila Omukama alikuwa na kikale chake, ua mpana wenye nyumba nyingi, na nyumba iliyo kuu ilikuwa msonge: miti, matete, na nyasi zilizoshuka kutoka kileleni hadi ardhini. Nyasi hizo zilikatwa katika rweya, mbuga iliyo wazi nje ya vibanja vya migomba.

Nyasi huoza. Kikale hakikusimama kwa nguvu ya fundi aliyekwisha kufa, bali kwa mikono ya walio hai, waliokiezeka tena na tena. Wala si mikono yote iliyofanya hivyo kwa ridhaa. Chini ya nyarubanja, mkulima alikuwa mpangaji katika shamba alilolilima mwenyewe, akimtolea bwana wake sehemu ya mavuno na nguvu zake. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, na sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja ilipopitishwa mwaka 1965, haki ilipatikana. Lakini pamoja na amri iliyoondoka, aliondoka na mwezekaji.

Je, kasri isiyo na ukuta huacha nini? Jibu lipo Katuruka, karibu na Maruku. Hapo wazee walisimulia habari za Rugomora Mahe, mfalme wa karne ya 17, aliyewaamuru wahunzi kujenga mnara wa chuma ili afike mbinguni, mnara ukaanguka. Walionyesha na mti, Kaiija, penye kiwanda cha wahunzi hao. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwasikiliza kwanza, kisha akachimba. Ardhi ilitoa mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko mfalme mwenyewe. Hapakuwa na jiwe la kumwongoza. Kilichomwongoza ni maneno, yaliyopokezanwa kinywa kwa kinywa.

Lakini neno nalo lina paa lake, na paa hilo ni mwanadamu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Katika miaka iliyofuata walizikwa wengi, wakiwamo waliokuwa wakijua mipaka ya makaburi ya wafalme, majina na visa. Kila mmoja wao alikuwa chumba cha kasri kilichobomoka pasipo kishindo. Mti wa Kaiija nao haupo tena.

Mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka waliazimia kuyakusanya yaliyosalia. Waliwahoji wazee, wakaijenga upya nyumba ya Rugomora kwa miti na nyasi, ili mgeni apate pa kuingia. Mikono ilikuwa ile ile ya kijiji, ila safari hii hapakuwa na Omukama wa kuiamuru.

Pwani isijivunie mno mawe yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Hata Uingereza, majumba mengi ya mabwana yalibomolewa katika karne ya 20, na sheria ya mwaka 1937 ilihitajika ili mengine yakabidhiwe kwa National Trust, taasisi inayoyatunza. Jiwe huficha uzembe kwa miaka mingi. Nyasi huutangaza baada ya masika machache. Waliolijua hilo zamani ni waezekaji wa Uhaya, waliopanda rweya kukata nyasi kabla paa halijaanza kuvuja.