Usafi wa Nyumbani: Je, Kemikali Kali ni za Lazima?

Na Mwandishi Wetu

Katika nyumba nyingi, harufu kali ya klorini imekuwa kipimo cha usafi. Choo kinachonuka dawa huhesabiwa kuwa safi, na sakafu isiyo na harufu hiyo hutiliwa shaka hata kama imesuguliwa ikang'aa. Hata hivyo, harufu si ushahidi wa usafi. Kwa sehemu kubwa ya kazi za usafi wa nyumbani, maji, sabuni, kusugua na kukausha vinatosha. Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, ina nafasi yake, na nafasi hiyo inaweza kuokoa maisha. Lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na matumizi nje yake huongeza hatari pasipo kuongeza usafi.

Makala hii inafafanua tofauti ya kusafisha na kutakasa, inaeleza ni wakati gani klorini inahitajika, na inatoa tahadhari ambazo kila kaya inapaswa kuzizingatia.

Kusafisha na kutakasa

Kusafisha ni kuondoa uchafu, mafuta na vimelea kutoka mahali vilipo. Kutakasa ni kuua vimelea vilivyobaki baada ya uchafu kuondolewa. Kazi hizi mbili ni tofauti, na ya pili haiwezi kuchukua nafasi ya ya kwanza.

Sabuni ni chombo cha kusafishia. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hushikamana na maji, nyingine hushikamana na mafuta. Sabuni inaposuguliwa juu ya sahani au sakafu, huyazingira mafuta pamoja na vimelea vilivyonaswa humo, kisha maji hubeba vyote na kuviondoa. Aidha, sabuni huvunja utando wa mafuta unaovifunika baadhi ya virusi, vikiwemo vya homa ya mafua na vya UVIKO-19. Hii ndiyo sababu kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka kumeendelea kuwa msingi wa kinga dhidi ya magonjwa mengi.

Klorini haiondoi mafuta wala mabaki ya chakula. Zaidi ya hayo, nguvu yake humalizika haraka inapokutana na uchafu wa viumbe hai kama kinyesi, damu au matapishi. Anayemimina klorini juu ya sakafu chafu anaitumia dawa kupambana na uchafu, na vimelea vilivyo chini yake vinaweza kusalimika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 kuhusu usafi wa nyuso katika kipindi cha UVIKO-19 ulisisitiza utaratibu huo: kwanza osha kwa maji na sabuni, kisha takasa.

Vilevile, klorini hupausha rangi. Ukungu ukutani ukipakwa dawa hii huonekana kuwa umetoweka, lakini iwapo unyevu uliousababisha haujashughulikiwa, ukungu hurudi. Ufumbuzi ni kuziba paa linalovuja au bomba lililopasuka, na kuruhusu hewa na mwanga kuingia ndani.

Kazi za kila siku zisizohitaji klorini

Vyombo vya chakula huhitaji maji, ikiwezekana ya moto, sabuni, kusuuzwa vizuri na kukaushwa juu ya kichanja. Kukausha ni sehemu ya usafi, kwa kuwa vimelea vingi, kikiwemo cha kipindupindu, haviishi muda mrefu mahali pakavu. Kitambaa cha jikoni kinachobaki kibichi kutwa nzima husambaza vimelea kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila siku.

Masizi na mafuta yaliyoganda kwenye sufuria huondolewa kwa kusugua. Majivu ya kuni yaliyotumiwa na bibi zetu yana msingi wa kisayansi: yana chumvi zenye asili ya alkali zinazolainisha mafuta, na punje zake husaidia kukwangua. Magadi soda hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Chumvichumvi nyeupe inayoganda ndani ya birika au kwenye bomba la maji huyeyushwa na asidi dhaifu iliyomo katika siki, ndimu au limau. Klorini haina msaada wowote hapo. Ieleweke pia kwamba kuchanganya siki na magadi soda, jambo linalopendwa kwa sababu ya povu lake, hudhoofisha vyote viwili, kwa kuwa asidi na alkali hubatilishana. Ni afadhali kila kimoja kitumike peke yake kwa kazi yake.

Sakafu, iwe ya saruji au ya vigae, hupigwa deki kwa maji na sabuni. Jambo la kuzingatia ni kubadilisha maji yanapochafuka na kulikausha dekio baada ya kazi, kwani dekio chafu hueneza uchafu hata likichovywa katika dawa kali.

Hata hivyo, wananchi wasichukulie kuwa siki na ndimu ni mbadala wa klorini panapohitajika kutakasa. Vitu hivyo husafisha, lakini havitegemewi kuua vimelea vya magonjwa hatari.

Wakati klorini inapohitajika

Thamani ya klorini katika kuzuia magonjwa ilidhihirika mwaka 1847, pale daktari Ignaz Semmelweis alipowaagiza madaktari na wanafunzi wa hospitali moja ya wazazi mjini Vienna kunawa mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Wengi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Vifo vya wazazi katika wodi hiyo vilikuwa takriban asilimia 18 mwezi Aprili mwaka huo. Kufikia Juni vilishuka hadi karibu asilimia 2. Klorini ilifanikiwa kwa sababu ilitumika mahali ambapo vimelea hatari vilikuwepo kwa hakika.

Kanuni hiyo bado inafaa nyumbani. Klorini inahitajika pale ambapo mtu ndani ya nyumba ana ugonjwa wa kuhara au kutapika unaoambukiza, na pale ambapo damu, kinyesi au matapishi yamechafua sakafu, choo au kitanda. Tanzania inao uzoefu wa jambo hili: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, na utakasaji kwa klorini ulikuwa miongoni mwa hatua za kuudhibiti. Mgonjwa anayehisiwa kuwa na kipindupindu afikishwe mara moja katika kituo cha kutolea huduma za afya, na familia ifuate maelekezo ya wataalamu kuhusu utakasaji wa nyumba.

Dawa nyingi za klorini za majumbani huwa na nguvu ya asilimia 3.5, ingawa nyingine huizidi. Kiwango husomwa kwenye lebo. Kwa dawa ya asilimia 3.5:

- Kutakasa mahali palipomwagika damu, matapishi au kinyesi: sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji, ili kupata nguvu ya asilimia 0.5.
- Kutakasa nyuso za kawaida wakati kuna mgonjwa nyumbani, kama vitasa, meza na sinki: sehemu moja ya dawa kwa sehemu 34 za maji, ili kupata nguvu ya asilimia 0.1.

Anayefanya kazi hiyo avae glavu, afungue madirisha, aondoe uchafu kwanza, aoshe kwa sabuni na kusuuza, ndipo apake dawa. Dawa iachwe kwa dakika 10, au kwa muda ulioelezwa kwenye lebo, kisha pasuuzwe. Mchanganyiko uandaliwe kwa maji baridi na utumike siku hiyohiyo, kwa sababu joto na mwanga hupunguza nguvu ya klorini. Kuongeza dawa kupita kiwango hakuleti usafi zaidi. Huongeza tu mvuke unaoumiza macho na mapafu.

Kwa maji ya kunywa, zitumike dawa au vidonge vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, kwa kufuata maelekezo yake, au maji yachemshwe. Dawa ya kuondolea madoa, hasa yenye manukato, isitiwe kwenye maji ya kunywa wala isitumike kuoshea matunda na mboga.

Hatari zinazoepukika

Hatari ya kwanza ni kuchanganya dawa. Klorini ikikutana na asidi, iwe ya siki, ya ndimu au ya baadhi ya dawa za kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha, hata kiasi kidogo chaweza kumletea mtu kikohozi kikali na kushindwa kupumua. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Na kwa kuwa mkojo uliokaa hutoa amonia, choo kimwagiwe maji ya kutosha kabla ya kutiwa dawa. Anayehisi kuwashwa koo au macho wakati wa usafi aondoke mahali hapo mara moja na kwenda kwenye hewa safi.

Hatari ya pili ni madhara ya muda mrefu. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway na kuchapishwa mwaka 2018 ulifuatilia zaidi ya watu 6,000 kwa takriban miaka 20. Ulibaini kuwa uwezo wa mapafu ulipungua kwa kasi zaidi kwa wanawake waliofanya usafi, nyumbani au kazini, kuliko kwa wasiofanya. Hivyo, waajiri wa wasaidizi wa kazi za nyumbani wana wajibu wa kuwapatia glavu, kuwaelekeza matumizi sahihi na kuwasomea lebo wasioweza kuisoma.

Hatari ya tatu ni uhifadhi. Klorini iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda haitofautiki na kinywaji machoni pa mtoto. Dawa ibaki katika chombo chake halisi, chenye lebo, mahali pa juu au penye kufuli. Mtu akimeza, asilazimishwe kutapika. Asukutue mdomo na kuwahishwa kituo cha afya pamoja na chombo cha dawa aliyomeza. Dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha apelekwe kwa mtaalamu.

Wajibu wa mnunuzi

Kemikali za majumbani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182. Mnunuzi achague bidhaa yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina la mtengenezaji, kiwango cha nguvu, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelekezo yanayosomeka. Dawa inayouzwa katika chupa isiyo na lebo haiwezi kuchanganywa kwa kipimo sahihi, kwa kuwa nguvu yake haijulikani.

Kabla ya kufungua chupa ya klorini, mwananchi anashauriwa kujiuliza maswali matatu: Je, mahali hapa pamekwisha kuoshwa kwa sabuni? Je, pana sababu ya kuamini kuwa kuna vimelea hatari, kama mgonjwa, damu au kinyesi? Je, hakuna dawa nyingine iliyotumika hapa inayoweza kuchanganyika na hii? Jibu likiwa hapana kwa swali la kwanza, anza na sabuni. Likiwa hapana kwa la pili, sabuni inatosha. Likiwa hapana kwa la tatu, suuza kwa maji mengi kabla ya kuendelea.