Kilosa na Mikumi: Mbinu 6 za Kubana Hela ya Chakula Bila Kulala Njaa

Kwa familia nyingi za Kilosa na Mikumi, hela ya chakula haiishi kwa mkupuo. Inaisha kidogo kidogo: mafuta ya jero leo, sukari ya robo kesho, fungu la nyanya jioni. Mwezi ukikatika, imetumika hela ambayo ingetosha gunia. Zifuatazo ni mbinu 6 za kupunguza gharama hiyo.

1. Nunua wakati wa mavuno
Kilosa ni wilaya ya wakulima wa mahindi na mpunga. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, kisha mavuno hufuata. Kati ya Juni na Agosti mahindi yanakuwa mengi na bei inashuka. Kuanzia Desemba hadi Machi akiba za nyumbani zimepungua, bei inapanda. Mvua nazo hukata njia: mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu nyumba na hata Reli ya Kati. Mwenye mahindi ndani wakati huo hababaiki.

Kama upo kwenye kikoba, shaurianeni mgawane hela Juni au Julai badala ya kusubiri Desemba. Hela ileile itanunua debe nyingi zaidi. Usipoweza gunia zima, changieni majirani wawili au watatu. Gunia la kilo 100 hutoa kama debe 5 hadi 6.

2. Hifadhi vizuri, la sivyo umepoteza
Mahindi yakiliwa na dumuzi (wengine humwita Skania), unafuu wote umekwenda. Kausha kwanza. Kipimo rahisi: chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu, rudisha juani. Anika juu ya turubai, sio chini kwenye udongo.

Yakishakauka, weka kwenye mifuko ya kinga njaa. Ina matabaka 3: miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje. Funga kila mmoja peke yake ili hewa isiingie, wadudu wafe bila dawa. Mahindi yenye ukungu usile wala usisage. Sumukuvu inaua: mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara.

3. Dai mizani
Sado, kopo na fungu havina uzito maalumu. Kopo likibonyezwa chini au sado ikijazwa bila kichwa, umepunjwa na huwezi kuthibitisha. Uliza bei ya kilo, kisha linganisha wauzaji wawili. Ukinunua kwa sado, ipime mara moja kwenye mizani ya duka unaloliamini, ujue kilo ngapi unapata.

Lumbesa nayo hairuhusiwi. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Ukikuta mizani iliyochezewa, toa taarifa Wakala wa Vipimo.

4. Piga hesabu ya vidogo vidogo
Chukua mfano huu wa hesabu tu, sio bei ya soko. Kipimo cha mafuta cha mililita 100 ni sh 600, na lita nzima ni sh 5,000. Vipimo 10 vinakugharimu sh 6,000. Umelipa sh 1,000 zaidi kwa mafuta yaleyale. Kama nyumba yako inatumia lita 1 kwa wiki, kwa mwaka ni sh 52,000.

Huna hela ya lita? Kila siku weka sh 200 pembeni kwenye kopo. Baada ya siku 25 una sh 5,000 na unatoka kwenye mtego wa vipimo. Anza na bidhaa moja, sio zote.

5. Mikumi: kwepa bei ya msafiri
Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia. Anayeshuka kwenye basi ana haraka, hapatani sana, na bei za pembeni ya barabara hufuata mfuko wake. Ingia sokoni ndani, au subiri siku ya gulio.

Barabara hiyohiyo ina faida yake. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula hupita hapo. Mwenye ndugu au dereva wa kuaminika anaweza kuagiza vitunguu vya kugawana nyumba kadhaa. Ila hesabu nauli kwanza: ukiokoa sh 1,500 kwa bodaboda ya sh 2,000, umepata hasara.

6. Saga mwenyewe, kula dona
Unga wa dukani una gharama ya kukoboa, kufungasha na kusafirisha. Peleka mahindi mashineni. Dona hutoa karibu kilo ileile uliyopeleka, wakati sembe huacha pumba na kiini, ambavyo vina virutubisho. Ukipenda sembe, dai pumba zako; ni chakula cha kuku.

Wiki hii anza na jambo moja: andika kwenye simu kila kitu cha jikoni unachonunua kwa siku 7, hata kiberiti. Bidhaa inayojirudia mara nyingi zaidi ndiyo ya kwanza kuinunua kwa jumla.