Nani Alipiga? Historia ya Jina la Mpiga Picha, Kutoka kwa Muteesa Hadi Mafuriko ya Bwaise

Mvua kubwa ikinyesha Kampala, picha za Bwaise huenea kabla maji hayajapungua. Mtaa huu wa divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji, uko bondeni kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi, na maji ya vilima vinavyouzunguka huteremkia huko yakielekea mfereji wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi. Picha hufanana kila msimu: boda boda imezama hadi kwenye injini, mama amejitwika godoro, mlango wa duka umezibwa kwa viroba vya mchanga. Ikifika simu ya tatu au ya nne, picha haina tena jina la aliyeipiga. Baada ya mwaka inaweza kuibuka upya ikidaiwa kuwa ya mafuriko ya jana, na hakuna wa kuulizwa.

Upotevu huu wa majina una umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Muteesa wa Kwanza akiwa na wakuu wake. Uchapaji wa siku zile haukuweza kutoa picha ya kamera pamoja na maandishi, kwa hiyo katika kitabu chake cha 1878 ilitokea mchoro uliochongwa kwa kufuata picha hiyo. Mchoro nao ukanakiliwa na kuchorwa upya kwa vizazi. Wengi wanaoijua sura ya Muteesa wanaijua kwa nakala ya nakala, bila kujua kwamba mwanzoni palikuwa na kamera, sembuse mwenye kamera.

Karne ya ishirini ilileta studio, na studio zilileta muhuri. Nyuma ya picha iliyosafishwa uligongwa wino wenye jina la studio, aghalabu na sanduku la posta, ili mteja ajue pa kurudi akitaka nakala nyingine. Muhuri ulikuwa tangazo la biashara, lakini ndio uliohifadhi kumbukumbu ya kazi ya nani ni ipi. Udhaifu wake ulikuwa mahali ulipokaa. Picha ilipobandikwa kwa gundi kwenye albamu ya familia, muhuri ulifunikwa. Aliyejaribu kuibandua aliuchana. Anayeipiga picha hiyo kwa simu leo hupata sura za babu na bibi zilizo mbele, na jina hubaki chini ya gundi.

Upande wa serikali jina lilikuwa na uzito wa aina nyingine. Mwaka 1976, chini ya utawala wa Idi Amin, baada ya uvamizi wa Israeli wa kuokoa mateka wa ndege huko Entebbe, Dora Bloch, abiria mzee wa ndege hiyo aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa. Jimmy Parma, mpiga picha wa gazeti la Voice of Uganda, aliupiga picha mwili wake, na yeye naye akauawa. Katika mazingira kama hayo, kujulikana kuwa ndiye aliyepiga kuliweza kumpeleka mtu kaburini. Ni haki kulikumbuka hilo kabla ya kuwalaumu waliofanya kazi kimyakimya.

Wapiga picha wa Wizara ya Habari wa enzi hiyo waliacha hazina kubwa. Mwaka 2015 zilipatikana katika Shirika la Utangazaji la Uganda negativu takriban 70,000, nyingi zikiwa hazijawahi kusafishwa kwenye karatasi. Kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta ilianza 2018 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vya Michigan na Australia Magharibi, na Mei 2019 maonyesho yakafunguliwa katika Makumbusho ya Uganda. Dunia ilizipokea kama hifadhi ya picha za Idi Amin. Aliyesimama mbele ya kamera ndiye aliyezipa jina, ingawa si yeye aliyechagua pembe, mwanga na sekunde ya kubonyeza.

Njia tofauti ilikuwa imeshaonyeshwa. Mwaka 2011 Rumanzi Canon na Andrea Stultiens walianzisha History In Progress Uganda, mradi wa kukusanya picha za kale za Waganda na kuzionyesha mtandaoni zikiambatana na habari za mikusanyo zilikotoka. Mfululizo wao wa vitabu, Ebifananyi, ulianza na Deo Kyakulagira, na ukawafikia Musa Katuramu wa Ankole na Elly Rwakoma. Wapiga picha waliokuwa wakifahamika na wateja na jamaa zao wakapata majina yao juu ya jalada. Kuanzia 2012, tuzo ya picha za habari ya Uganda Press Photo Award ikafanya vivyo hivyo kwa walio hai.

Sheria ilikuwa imetangulia kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, inampa mwenye kazi haki ya kutajwa kila kazi yake inapotumika. Haki ya kuchuma fedha kutokana na picha huisha baada ya miaka 50. Haki ya kutajwa haina kikomo, na mwenyewe akifa warithi wake wanaweza kuidai. Nje ya mipaka mambo yalikuwa magumu zaidi. Kenya na Tanzania zilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki katika miaka ya 1990, Uganda mwaka 2022. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu mkataba wa hakimiliki wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Uganda ni mwanachama tangu 1995, hauzilazimishi nchi kulinda haki ya kutajwa, ilhali Berne inazilazimisha tangu marekebisho ya Roma ya 1928.

Kinachobaki ni mitambo yenyewe. Kamera na simu huweza kuhifadhi ndani ya faili tarehe, aina ya kamera, hata jina la mpigaji. WhatsApp ikiibana picha ili iende haraka, taarifa hizo huondolewa. Tena, Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na kuifikia kukahitaji VPN. Picha iliyochapishwa huko na jina la mwenyewe huwafikia wengi ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye kioo cha simu, maelezo yamekatwa. Jina lililoandikwa pembeni mwa picha nalo hukatwa kwa kidole. Kwa hiyo anayesambaza picha ya Bwaise anapaswa kuandika upya kwa mkono wake jina la mpigaji, mahali na tarehe. Na asipomjua, aandike kwamba mpiga picha hajafahamika na kutaja alikoipata, kama watunza kumbukumbu wanavyofanya.