Matawi ya Git: Njia ipi kati ya hizi nne inaifaa timu yako?

Chukulia watu wawili wanatengeneza programu moja ya simu ya kuagiza chakula. Mmoja anabadilisha ukurasa wa malipo, mwingine anapanga upya namna bei inavyokokotolewa. Kila mtu yuko kwenye tawi lake kwa wiki tatu. Siku ya kuunganisha kazi, mamia ya mistari yanagongana, malipo yanagoma na hakuna anayejua pa kuanzia.

Hapo hakuna mzembe. Shida ni swali ambalo timu nyingi hazikai chini kulijadili: tawi liishi muda gani kabla ya kurudi kwenye shina?

Njia nne zinatumika zaidi duniani kujibu swali hilo. Hizi hapa, pamoja na uzuri na ubaya wa kila moja.

Kwanza, tawi ni nini?

Git ni mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Linus Torvalds aliuanzisha Aprili 2005, baada ya mradi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper.

Kwenye Git, tawi ni alama ndogo tu inayoonyesha badiliko la mwisho katika mlolongo fulani wa kazi. Kulifungua ni suala la sekunde na halijazi diski.

Urahisi huo ndio mtego wenyewe. Kufungua tawi ni bure, gharama iko kwenye kulirudisha. Watu wawili wakigusa mistari ileile, Git inasimama na kuwaambia wachague. Huo ni mgongano, na angalau unaonekana.

Ubaya zaidi ni pale Git isiposema kitu. Mmoja amebadilisha hesabu ili kiasi kitolewe kwa senti badala ya shilingi. Mwingine, kwenye faili tofauti, ameandika msimbo mpya unaodhani bado ni shilingi. Git itaunganisha bila kelele, na mteja atakatwa mara 100 ya bei. Kadiri matawi yanavyokaa mbali na shina, ndivyo makosa ya aina hii yanavyoongezeka.

1. Git Flow: kila kitu na tawi lake

Njia hii iliandikwa na Vincent Driessen, mhandisi wa Uholanzi, Januari 2010. Ina matawi mawili ya kudumu: "master", lenye msimbo uliokwishatolewa kwa watumiaji, na "develop", panapokusanywa kazi inayoendelea. Pembeni kuna aina tatu za matawi ya muda: ya kazi mpya, ya kuandaa toleo, na ya kurekebisha hitilafu za dharura.

Uzuri wake ni utaratibu. Kama kampuni yako inauza programu inayosakinishwa kwa wateja, na wengine bado wako kwenye toleo la 2 huku wengine wakiwa la 3, Git Flow inakuonyesha kila kitu kiko wapi.

Ubaya wake ni safari ndefu. Kazi inatoka tawi lake, inaingia "develop", inapita tawi la toleo, ndipo inafika "master". Rekebisho la dharura linatakiwa kurudishwa sehemu mbili. Likisahaulika moja, hitilafu iliyokwishatibiwa inaibuka tena kwenye toleo linalofuata.

Machi 2020, Driessen mwenyewe aliongeza maelezo kwenye makala yake. Alishauri timu zinazotoa mabadiliko mfululizo, hasa za tovuti, zitumie njia nyepesi kama GitHub Flow. Git Flow, alisema, bado inaweza kuwafaa wenye matoleo yenye namba au wanaohudumia matoleo kadhaa kwa pamoja.

2. GitHub Flow: shina moja, matawi mafupi

Scott Chacon, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, aliieleza njia hii Agosti 2011. Kanuni yake kuu ni moja: kilichopo kwenye tawi kuu lazima kiwe tayari kutolewa muda wowote.

Unafungua tawi lenye jina linaloeleweka, unafanya kazi, unatuma ombi la kuunganisha. Wenzako wanakagua, majaribio yanapita, kazi inaingia tawi kuu na inatolewa. Basi. Hakuna "develop" wala tawi la toleo. (Tawi kuu siku hizi huitwa "main", GitHub ilianza kulitumia kama jina la kawaida la hazina mpya Oktoba 2020.)

Inafaa timu ndogo au ya kati yenye tovuti au huduma ya intaneti, ambako toleo hai ni moja tu: lile lililo kwenye seva.

Udhaifu wake? Inategemea sana ukaguzi na majaribio. Maombi yakikaa siku tano bila mtu wa kuyaangalia, matawi mafupi yanageuka marefu, na mnarudi kulekule.

3. GitLab Flow: daraja la katikati

GitLab ilitoa njia hii mwaka 2014 kwa ajili ya timu ambazo haziwezi kutoa kazi papo hapo. Mfano mzuri uko mkononi mwako. Programu ya iPhone haifiki kwa mtumiaji pale tu msanidi anapomaliza. Lazima kwanza ipitiwe na Apple.

Hapa kazi inaingia "main", kisha inashuka kwenye matawi yanayowakilisha hatua: la majaribio, halafu la uzalishaji. Wenye matoleo mengi hufungua tawi kwa kila toleo. Marekebisho huanzia "main" na kushuka chini, ili yasipotee.

Gharama yake ni matawi ya ziada ya kulinda. Mtu akirekebisha kitu moja kwa moja kwenye tawi la uzalishaji bila kupitia juu, "main" na kile wanachotumia wateja vinaanza kutofautiana.

4. Shina moja: kila mtu, kila siku

Hii inajulikana kama "trunk-based development". Kila msanidi anaingiza kazi yake kwenye shina angalau mara moja kwa siku. Matawi, kama yapo, yanaishi saa chache.

Google ni mfano wake mkubwa. Mwaka 2016, wahandisi wake Rachel Potvin na Josh Levenberg waliandika kwamba kampuni hiyo inatunza takriban mistari bilioni 2 ya msimbo kwenye hazina moja, inayotumiwa na wasanidi zaidi ya 25,000, wengi wao wakifanya kazi kwenye shina.

Mpango wa utafiti wa DORA, unaochunguza namna timu za programu zinavyofanya kazi, nao unahusisha ufanisi na mambo yafuatayo: matawi hai yasizidi matatu, na kazi iunganishwe angalau mara moja kwa siku.

Sasa kazi ya wiki tatu inaingiaje kila siku ikiwa haijakamilika? Kwa swichi. Msimbo mpya upo kwenye shina lakini umezimwa, mtumiaji hauoni. Ukikamilika, unawashwa.

Lakini swichi nazo zinauma

Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilitoa msimbo mpya wa kununua na kuuza hisa. Msimbo huo ulitumia tena swichi ya zamani, ambayo iliwahi kuwasha kazi iliyoachwa miaka mingi. Seva moja kati ya nane haikupata msimbo mpya. Swichi ilipowashwa, seva hiyo ikafufua msimbo wa kale na kuanza kumwaga maagizo sokoni.

Ndani ya dakika 45 hivi, hasara ilipita dola milioni 400. Mwaka uliofuata, Knight ilikuwa imeunganishwa na kampuni nyingine.

Funzo ni kwamba swichi ni deni. Kazi ikishawashwa kwa wote, swichi iondolewe pamoja na msimbo wa zamani, na jina lake lisitumike tena. Na bila majaribio yanayojiendesha kila badiliko linapoingia, njia ya shina moja ni kamari.

Basi uchague ipi?

Jiulizeni maswali matatu:

- Matoleo mangapi yako hai kwa watumiaji? Kama ni moja, Git Flow itawachosha bure. Kama ni matatu na yote yanahitaji marekebisho, mnahitaji matawi ya matoleo.
- Mnatoa kazi mara ngapi? Kila siku: GitHub Flow au shina moja. Kwa kusubiri idhini ya mtu mwingine: GitLab Flow.
- Majaribio yenu yanaaminika? Kama bado mnabofya kwa mkono kuona kama malipo yanafanya kazi, anzeni na GitHub Flow huku mkijenga majaribio. Shina moja lisubiri.

Njia yoyote mtakayochukua, umri wa tawi ndio wa kuangalia. Tawi la siku moja likigongana na shina, aliyeliandika bado anakumbuka kila mstari. Tawi la mwezi mmoja likigongana, hata mwenyewe anasoma kama mgeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kesho asubuhi, kabla ya kubishana kuhusu majina ya njia hizi, fungueni orodha ya matawi ya mradi wenu na mwangalie lililo la zamani kuliko yote. Kama kazi yake bado inahitajika, ikateni vipande vidogo na muanze kuviingiza siku hiyohiyo. Kama haihitajiki, lifuteni.