Kifaa cha lipa polepole ni cha nani kabla deni halijaisha?

WAHENGA waliponena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, walimfikiria mtu aliyekopa fedha au nafaka kwa jirani. Hawakuwaza kwamba ingefika siku ambapo kitu chenyewe kilichokopwa kingejifunga kwa sababu aliyekichukua amechelewa kulipa.

Nililelewa katika nyumba yenye redio ya mkopo. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliichukua dukani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa malipo ya kila mwezi. Kuna muhula karo ilimlemea, akakosa kulipa. Mwenye duka aliandika barua, kisha akatuma mtu. Redio nayo iliendelea kutuletea taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya kila jioni, kana kwamba mambo hayo hayakuihusu. Deni lilikuwa baina ya watu wawili, kifaa hakikulijua.

Siku hizi kifaa kinalijua. Nilifahamu hayo vyema kupitia kwa mpwa wangu, kijana ambaye hupitisha Jumamosi zake akiwa na chuma cha kulehemu mkononi na mita ya kupimia umeme kando. Si fundi wa kulipwa. Ni mapenzi tu. Mama mmoja anayeuza mboga mtaani kwetu alimletea simu aliyoinunua ikiwa imetumika, kwa Sh5,000. Kijana alibadilisha betri na kioo, simu ikawaka. Punde si punde ikatokea ilani kwamba imefungwa hadi malipo yakamilishwe.

“Mjomba,” akaniambia, “simu hii si mbovu. Ina deni.”

Aliyeiuza alikuwa ameichukua kwa lipa polepole, akaacha kulipa, kisha akaiuza. Mama yule alinunua deni la mtu asiyemjua.

Je, kufuli hili hufanyaje kazi? Katika simu, huwa ni programu iliyowekwa ndani kabisa ya mfumo, ambayo huamka pindi simu inapowashwa. Huwasiliana kupitia mtandao na kompyuta za muuzaji zinazohifadhi kumbukumbu za malipo. Siku ya kulipa ikipita, huziba kioo kwa ilani na kuzuia matumizi. Kubadilisha vipuri hakusaidii, kwa kuwa kufuli haliko katika betri wala kioo.

Mitambo ya sola ya nyumbani ilitangulia kuizoesha Kenya utaratibu huu. Kampuni ya M-Kopa ilianza kuiuza nchini mnamo 2012, ikitumia kadi ya simu iliyomo ndani ya mtambo kuuwasha au kuuzima kutoka mbali kulingana na malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza 2007. Mnamo 2020, Safaricom na Google zilizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja alitoa Sh1,000 kwanza, kisha Sh20 kila siku kwa miezi tisa.

Haifai kuibeza mipango hii. Imewafikishia mwanga na simu za kisasa watu ambao benki zisingewatazama mara mbili. Mfanyakazi wa kibarua hana hati ya mshahara wala shamba la kuweka rehani. Kufuli ndilo dhamana yake, na bila hilo pengine asingekopeshwa hata shilingi.

Hata hivyo, ni muhimu kutofautisha mambo mawili. Ukikosa kulipia intaneti ya nyumbani, kampuni hukata huduma. Ruta iliyo sebuleni aghalabu hubaki ikiwaka, na kompyuta yako bado inaweza kutuma waraka kwa printa iliyo chumba cha pili, kwa sababu mtandao wa ndani ya nyumba hautegemei ule wa nje. Kilichokatwa ni kile usicholipia. Simu ikifungwa, mambo ni tofauti: unazuiwa kutumia hata picha za wanao na namba za wateja wako, vitu ambavyo muuzaji hakukukopesha.

Sheria inasemaje? Sheria ya Kenya kuhusu ununuzi kwa malipo ya polepole, Sura ya 507, ilipitishwa 1968. Chini ya sheria hiyo, bidhaa hubaki mali ya muuzaji hadi masharti yatimizwe. Lakini humlinda mnunuzi pia: akishalipa thuluthi mbili za bei yote, muuzaji hawezi kuitwaa bidhaa ila kwa kwenda mahakamani. Waliotunga kanuni hiyo walifikiria gari likivutwa au kabati likibebwa. Hawakufikiria bidhaa inayobaki mikononi mwa mnunuzi ilhali haimfai kwa lolote. Kwa maoni yangu, anayefunga simu iliyokwisha kulipiwa thuluthi mbili amefanya kazi ile ile ya kutwaa, ila hakutuma mkokoteni.

Wabunge hawakulala kabisa. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2021, na kanuni zilizofuata Machi 2022, yaliwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu ya Kenya na kuwakataza kuwatisha au kuwaaibisha wadaiwa. Mwishoni mwa 2024 mamlaka hayo yalipanuliwa kwa watoaji mikopo wengine wasiopokea amana, wakiwemo wa mpango wa kuchukua bidhaa sasa na kulipa baadaye.

Fauka ya sheria, kuna hesabu. Tuchukue mfano wa simu inayouzwa Sh12,000 taslimu. Kwa mkopo, unatoa Sh2,000 kwanza, kisha Sh50 kila siku kwa siku 360. Hizo ni Sh18,000, na jumla ni Sh20,000. Umeongeza Sh8,000 juu ya deni la Sh10,000. Wengi watasema riba ni asilimia 80. La hasha. Deni hupungua kila siku, na kufikia katikati ya mwaka umekwisha kurejesha sehemu kubwa yake. Ukipiga hesabu kwa kiasi unachodaiwa hasa kila siku, riba inapita asilimia 100 kwa mwaka. Shilingi hamsini haitishi, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, uliza bei ya taslimu na jumla ya malipo yote, kisha utoe moja katika nyingine. Uliza kifaa hufungwa baada ya siku ngapi, na kama utaweza kupiga simu za dharura kikiwa kimefungwa. Uliza kama ukimaliza mapema utapunguziwa. Ukimaliza, dai uthibitisho wa maandishi kwamba kufuli limeondolewa. Na ukinunua simu iliyotumika, dai risiti ya kwanza, uifute hadi ilivyotoka kiwandani mbele ya muuzaji, kisha uiwashe ikiwa na intaneti kabla ya kutoa pesa.

Mpwa wangu alimrudishia mama yule simu yake bila kudai hata senti ya kazi. Kadi yake ya simu ilihamishiwa kwenye mulika mwizi ya zamani, na namba za wateja zikapotelea katika ile iliyofungwa. Madeni yao, kwa bahati nzuri, yamo katika daftari. Yeye pia hukopesha: sukuma leo, pesa Ijumaa. Asiyelipa Ijumaa humwendea mlangoni na kumuuliza kulikoni.