Kipimo cha Babu

Mkono wa kushoto wa babu ulikuwa na vidole viwili. Hadithi ya vile vitatu vilivyopotea tuliijua sote, maana bibi aliisimulia kila tulipokwenda likizo kijijini, Handeni.

Ilikuwa mwaka 1980, mahindi yakiwa yamekaribia kukomaa. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza shamba. Babu alipanda kwenye dungu na gobori alilorithi kwa baba yake. Usiku wa manane akasikia mabua yanavunjika, akalenga kwenye kivuli, akafyatua. Badala ya risasi kutoka mbele, mtutu ukapasuka mkononi.

Gobori lile lilikuwa limefanya kazi miaka mingi bila kumdhuru mtu. Kwa nini lipasuke usiku ule? Bibi alikuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo babu alikuwa amegombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba, na jirani aliondoka akisema, "Tutaona." Kwa bibi, tuliona. Tangu siku ile hakuitikia salamu ya nyumba ile.

Katika hadithi yake kulikuwa na jambo jingine dogo, ambalo bibi alilitaja kama sifa. Baruti ya gobori ilikuwa imeisha na dukani haikupatikana. Ndugu mmoja aliyerudi kutoka Vita vya Kagera alikuwa ameacha risasi chache za bunduki ya kijeshi. Babu akazifungua moja moja, akamimina baruti yake kwenye kibuyu. "Babu yenu alikuwa na akili," bibi alisema. "Hakosi njia."

Nilisikia sentensi hiyo labda mara ishirini. Sikuielewa mpaka nilipoanza kuandika tasnifu yangu ya uzamili.

Tasnifu yangu inahusu wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, nilikuwa natafuta idadi ya mizigo na posho. Nikakutana na habari ya baruti iliyolowa.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, iliyojificha kwa jina na bendera ya Denmark kama Kronborg, ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilibeba silaha kutoka Ujerumani. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaifukuza na kuipiga mizinga. Nahodha akaifikisha kwenye maji mafupi, akaizamisha makusudi ili moto usile shehena. Waingereza walipoondoka, Wajerumani walileta wazamiaji. Zilitoka bunduki za kisasa takriban 1,800 na risasi zaidi ya milioni 4, zote zimekunywa maji ya chumvi.

Risasi hizo zikapelekwa Moshi. Zilipojaribiwa, nyingi hazikulia, na kila siku iliyopita zilizidi kuharibika. Ikaamuliwa zote zifunguliwe. Kwa miezi kadhaa, askari na wapagazi wote waliopatikana pale walikaa kuanzia asubuhi hadi usiku wakifanya kazi moja: kung'oa risasi kwenye ganda, kumwaga baruti, kuisafisha, kubadilisha fataki zilizooza, kisha kujaza na kufunga upya. Kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Baada ya kujaza, walichambua. Risasi nzuri za zamani ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Zile zilizofunguliwa na kufungwa upya, kama katika kila tano moja haikulia, zilihesabiwa kuwa zinafaa vitani. Zilizokuwa mbaya kuliko hapo zilitumika kwa mazoezi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kidogo. Askari aliingia vitani akijua kwamba katika kila mara tano atakazovuta kifyatulio, huenda mara moja bunduki itanyamaza, na aliye mbele yake hatanyamaza.

Lakini swali lililonisumbua lilikuwa lingine: baruti iliyokaa baharini inawezaje kutumika tena? Baruti ninayoijua mimi, ile ya gobori, ikilowa ni uchafu.

Jibu ni kwamba kuna baruti na baruti. Ya kale, nyeusi, ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa uzito wa karibu 75, 15 na 10 katika mia. Shura huyeyuka majini. Ikishatoka, mchanganyiko umekufa. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Inabaki moshi mzito na masizi yanayoganda ndani ya mtutu.

Baruti ya pili ilitengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Msingi wake ni nitroselulosi, yaani nyuzi za mmea, kama pamba, zilizotiwa tindikali ya nitriki. Karibu yote hugeuka gesi, ndiyo maana haitoi moshi mwingi. Maji hayaiyeyushi. Ndiyo iliyokuwa ndani ya zile risasi za Ghuba ya Manza, na ndiyo sababu wapagazi waliweza kuisafisha. Kilichoharibika zaidi ni fataki.

Tofauti hii haikuwa ya maabara tu. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari weusi wa Wajerumani zilikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Kila askari alipofyatua, wingu lilipanda juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Hata ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulikuwa na thamani kubwa kwa Wajerumani kwa sababu waliokota mamia ya bunduki za kisasa za Waingereza na risasi zake zipatazo 600,000.

Kabla ya hapo kuna uamuzi mwingine, wa mezani. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 kwa nia iliyotajwa ya kukomesha biashara ya utumwa, ulizuia kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kulikuwa na msamaha: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Miaka sita baada ya Vieille, mataifa yenye baruti mpya yalikubaliana kwamba Mwafrika, akiruhusiwa, atabaki na ya zamani.

Ndipo nikakumbuka kibuyu cha babu.

Baba wa babu alirithisha gobori na kipimo chake, kikombe kidogo cha pembe. Kipimo kile kilikuwa sahihi kabisa kwa baruti nyeusi. Kwa uzito ule ule, baruti isiyo na moshi ina nguvu takriban mara tatu, na ndani ya nafasi iliyobanwa huungua kwa kasi inayozidi kupanda. Bunduki ya kijeshi imeundwa kwa chuma cha kuhimili hilo. Bomba la gobori halikuundwa hivyo. Babu alijaza kipimo alichofundishwa, kwa uangalifu ule ule wa siku zote, akatia baruti ambayo hakuna aliyewahi kumweleza.

Babu alikuwa ameshafariki. Nilikwenda kwa bibi Desemba iliyopita. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweleza taratibu. Nilidhani nampelekea nafuu.

"Kwa hiyo," alisema, "unaniambia babu yako alijikata vidole mwenyewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kumtoa jirani hatiani ilikuwa kumwingiza babu. Nilianza kumweleza habari za Brussels, nikaona naongea kama mhadhara, nikanyamaza. Kisha nikamsimulia wale wapagazi wa Moshi. Kwa miezi mikono yao ilishika baruti ngeni, lakini palikuwa na mtu wa kuwaambia ipi itupwe na ipi irudishwe. Babu alikuwa na akili kama yao na mikono kama yao. Alichokosa ni mtu wa kumwambia.

Bibi aligeuza kikombe mkononi. "Angeambiwa, angesikia," alisema. "Babu yako alikuwa msikivu." Akaniuliza kama nitakula ugali au wali.

Mwezi wa tatu mama alinipigia simu. Mke wa yule jirani alikuwa amefariki. Bibi alikwenda msibani na kanga mpya, akakaa mkekani na wenzake mpaka jioni, na aliporudi hakumweleza mtu chochote.