Bakteria sugu: maabara inavyotafuta jeni za usugu kwa wagonjwa hospitalini

Makala haya ni kwa wakimbizi na wenyeji wa Kajaga na Bujumbura wenye mgonjwa hospitalini.

Usugu ni nini?
Antibiotiki, kama amoksilini na seftriaksoni, ni dawa za kuua bakteria. Bakteria sugu huendelea kuishi hata mgonjwa akipewa dawa ipasavyo. Wanaokuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa.

Jeni inahusikaje?
Jeni ni kama maelekezo yaliyo ndani ya bakteria. Jeni ya CTX-M-15 humwezesha bakteria kutengeneza kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine jeni hiyo, hata wa aina tofauti. Wodini, bakteria hao huenea kwa mikono na vifaa vichafu.

Hugunduliwaje?
Mhudumu huchukua damu, mkojo au usaha. Maabara huotesha bakteria, kisha huwajaribu kwa dawa mbalimbali kuona ipi inawaua. Majibu huchukua siku 2 au zaidi. Kipimo cha PCR, kilichojulikana sana wakati wa Korona, hutafuta jeni yenyewe kwa saa chache. Lakini huona zile tu kinazotafuta, hivyo kuotesha bado kunahitajika.

Kwa nini ni muhimu?
Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walichunguza damu ya watoto waliolazwa mwaka 2001 na 2002. Baadhi ya bakteria walikuwa na jeni za CTX-M-15 na TEM-63. Watoto walioambukizwa bakteria wenye vimeng'enya vya aina hii walifariki kwa asilimia 71. Kwa bakteria wasio navyo ilikuwa asilimia 39.

Unaweza kufanya nini?
- Mwambie daktari antibiotiki ulizotumia karibuni na hospitali ulizolazwa, hata ng'ambo ya mpaka, kama Uvira.
- Uliza kama sampuli inaweza kuchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa mahututi asicheleweshewe dawa. Majibu yakija, daktari anaweza kuibadilisha.
- Tunza karatasi ya majibu na uende nayo ukihamishiwa hospitali nyingine.
- Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa, wala usimpe mwingine zilizobaki.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia mgonjwa.